Mti Hauli Shaba Ikaisha: Hotuba kwa Mafundi wa Vyombo na Vijana wa Mikoko, Lamu

Asalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, mafundi wetu wa vyombo na vijana wa vikundi vya mikoko, nashukuru kwa nafasi hii. Swali nililopewa halina mzunguko: rangi inayopakwa chini ya boti ina shaba, shaba inaingia majini, je, tukipanda mikoko mingi pale vyombo vinapokwanguliwa, miti itaila ile sumu bahari ikawa safi?

Mimi ni mwalimu wa elimu ya mimea na swali hili nimelibeba kwa miaka, kwa hiyo nitaanza na jibu, maelezo yafuate. Mti hauli shaba ikaisha. Shaba ni elementi. Haiozi, haiungui ikatoweka, wala hakuna bakteria wa kuivunja ikawa kitu kingine. Mafuta yakimwagika, viumbe wadogo huyala polepole na kuyavunja sehemu kubwa. Shaba haina bahati hiyo. Mmea unaweza kuizuia nje, kuiingiza, kuihamisha au kuihifadhi, basi. Kila tutakapoambiwa mmea fulani unasafisha shaba, tuulize: umeiweka wapi?

Nianze kwa kuitendea shaba haki, maana tumezoea kuitaja kama adui. Pweza tunayemvua hapa, kaa wa kwenye tope la mikoko, kamba na kamba mti, wote hawa husafirisha hewa mwilini kwa damu yenye shaba pale ambapo sisi tuna chuma. Ndiyo maana damu yao ikipata hewa huwa na rangi ya samawati. Mimea nayo haiishi bila shaba. Katika sehemu ya jani inayonasa mwanga wa jua kuna protini ndogo iitwayo plastosianini, na moyoni mwake imekaa chembe moja ya shaba. Kazi yake ni kupokea elektroni upande mmoja na kuikabidhi upande wa pili. Ikikosekana, usanisinuru husimama. Kiasi kinachotosha ni kidogo sana: majani ya mimea mingi, yakikaushwa, huwa na miligramu 5 hadi 20 za shaba katika kila kilo. Ikishuka chini ya hapo majani machanga hujikunja na kunyauka. Ikipanda kupita miligramu 20 au 30, mazao mengi huanza kuumia, na wa kwanza kuumia ni mzizi: hufupika, huwa wa kahawia, ncha zake hukoma kukua.

Kinachoifanya shaba iwe na faida ndicho hichohicho kinachoifanya iwe na hatari. Ni nyepesi kutoa na kupokea elektroni. Ikiwa imeshikwa na protini yake, hufanya kazi kwa adabu. Ikiachiwa huru ndani ya seli, huzalisha aina kali za oksijeni zinazochoma utando wa seli na kuharibu protini. Mwaka 1999 watafiti waliochunguza seli za hamira walikadiria kwamba ndani ya seli yenye afya hakuna hata ioni moja ya shaba, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, iliyo huru. Yote ina mshikaji. Nawaomba vijana walishike hilo, kwa sababu mengine yote nitakayosema leo yanatoka hapo. Mmea unaovumilia shaba ni mmea usioiacha shaba ikatembea peke yake.

Wazee wanaujua mrututu, yale mawe ya samawati yaliyowekwa kwenye vidonda. Mrututu ni shaba iliyoshikana na salfa na oksijeni. Huua kuvu, na hadi leo dawa nyingi za kupiga miembe na nyanya zina shaba ndani yake. Wakulima wa Mpeketoni wanazijua. Ufaransa, katika miaka ya 1880, walianza kuchanganya mrututu na chokaa na kupiga mizabibu yao iliyokuwa ikiliwa na kuvu. Dawa ilifaa kweli. Lakini udongo wa mashamba ya zamani ya mizabibu umejaa shaba mpaka sasa, kwa kuwa kila mwaka iliongezwa na hakukuwa na pa kutokea.

Sasa tuingie mzizini. Fikirieni nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wetu wa kale hapa Lamu. Mgeni hupokewa dakani, kwenye baraza la mlangoni, na wengi hawavuki hapo: watazungumza, watakunywa kahawa, wataondoka. Anayekaribishwa hupita tekani, ukumbi wa kuingilia, akafika kiwandani, yaani uani, kisha misana, vile vyumba virefu vya kukaa, na ndani kabisa haingii ila wa nyumbani. Seli ya mzizi imejengwa kwa mpango wa namna hiyo. Daka lake ni ukuta wa seli, ambao una pektini, kitu kama gundi, yenye chaji hasi. Ioni ya shaba ina chaji chanya, basi hunata palepale. Sehemu kubwa ya shaba tunayoipima kwenye mizizi haijapata hata kuingia ndani ya seli, imeshikwa ukutani.

Ile inayovuka hupita mlangoni kwa masharti. Kwenye utando wa seli kuna vimeng'enya vinavyoipunguza shaba kutoka chaji mbili hadi moja, kisha huipokea protini ya kupitisha, ambayo wataalamu huiita COPT. Shaba ikiwa adimu udongoni, mmea hutengeneza protini hizi kwa wingi. Shaba ikizidi, huzipunguza. Ikishaingia tu hupokewa na protini za kusindikiza, kila moja na njia yake: hii yapeleka kwenye usanisinuru, ile yapeleka kwenye kupumua kwa seli. Hakuna kuzurura.

Ya ziada je? Hapo mmea una mbinu kadhaa. Ya kwanza ni kuitoa, kwa pampu inayotumia nguvu ya seli kuisukuma shaba nje ya seli au kuipeleka kwenye mirija inayopanda juu. Ya pili ni kuifunga. Salfa na shaba hupendana sana, nanyi mnaona sinia la shaba linavyopoteza nuru. Mmea hutumia mapenzi hayo: hutengeneza minyororo mifupi yenye salfa, iitwayo fitokelatini, kutoka kwa glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa, pamoja na protini nyingine ziitwazo metalothioneini, na hizo huikumbatia shaba isidhuru. Ya tatu ni kuifungia ndani ya vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji ambao katika seli iliyokomaa hujaza karibu nafasi yote. Ndani ya vakuoli hakuna kazi nyeti ya kuharibiwa. Ile inayopelekwa kwenye majani haisafiri peke yake pia. Katika mirija ya maji huongozana na molekuli ndogo za kuishika, kama nikotianamini na asidi amino iitwayo histidini.

Mimea mingi inayovumilia shaba husimamia mizizini. Huizuia huko chini na kulinda majani. Wachache sana ndio huipandisha juu na kuirundika, na kisa cha hao wachache kinanigusa mno kwa sababu ni kisa cha Afrika yetu.

Kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Katanga, na ng'ambo ya mpaka kule Zambia, kuna ukanda wa shaba ulio miongoni mwa ile mikubwa duniani. Katikati ya misitu ya miombo vimesimama vilima visivyo na miti, vina nyasi na maua tu. Miti imeshindwa na shaba ya udongoni. Kilichobaki ni mimea midogo iliyozoea, na baadhi haioti penginepo popote duniani. Mmoja wao ni Haumaniastrum katangense, ambao wenyeji na wachimbaji wameuita ua la shaba. Huota hata juu ya mabaki ya tanuri za kale ambamo wahunzi wa Katanga waliyeyusha shaba karne nyingi zilizopita, kiasi kwamba wanaakiolojia wameutumia kutambua walipofanyia kazi wahunzi hao. Upande wa Zambia uko mwingine, Ocimum centraliafricanum, na katika miaka ya 1950 watafuta madini waliufuata ua hilo wakijua chini yake huenda kuna shaba.

Mama zangu, Ocimum ni ukoo wa mrehani. Ua hilo la Zambia ni ndugu wa damu wa mrehani huu unaotiwa kwenye vikuba, vile vishada vya maua, na kutandazwa kitandani mwa bibi harusi. Haumaniastrum nao ni wa jamii hiyohiyo pana ya mrehani na kivumbasi. Mimea tunayoijua kwa harufu ndiyo iliyotoa mabingwa wa kukaa na shaba, na nawaambia wanafunzi wangu wasidhani elimu hii ni ya maua ya ugenini.

Kuna mwingine wa jamii hiyo, Aeolanthus biformifolius, ambao uliripotiwa kuwa na zaidi ya miligramu 13,000 za shaba kwa kilo ya mmea mkavu. Yaani zaidi ya gramu 1 katika kila gramu 100. Hesabu hiyo ilinukuliwa kwa miaka mingi, pamoja na nyingine za mimea zaidi ya 30 ya Katanga iliyosemekana kurundika shaba. Baadaye watafiti wakauliza swali rahisi: majani yalioshwa? Katanga ni kukavu miezi mingi, vumbi lake lina shaba, na mmea mfupi wenye majani ya vinyweleo hushika vumbi kama zulia. Majani yalipooshwa vizuri kabla ya kupimwa, mingi kati ya mimea hiyo ilikutwa na shaba kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Shaba ilikuwa juu ya jani, si ndani yake. Nawaheshimu sana watu waliorudi wakaosha. Ilibidi wapunguze sifa za mimea walioipenda, na walifanya hivyo.

Zamani mmea ulihesabiwa mrundikaji wa shaba ukifikia miligramu 1,000 kwa kilo. Mwaka 2013 wataalamu walishusha kiwango hicho hadi 300, kwa kuwa hata hapo tayari ni jambo lisilo la kawaida kabisa. Mimea inayorundika nikeli inayojulikana duniani inazidi aina 500. Inayorundika shaba, hata kwa kipimo kilichoshushwa, ni kama aina 50. Shaba ni ngumu kubebwa hai.

Uvumilivu wenyewe, hata hivyo, unaweza kuja upesi. Huko California pana mji uitwao Copperopolis, ambako machimbo yalifunguliwa katika miaka ya 1860. Juu ya takataka za machimbo sasa huota ua la manjano, Mimulus guttatus, lenye uwezo wa kukua mahali ambapo ndugu zake wa shamba la jirani hufa. Watafiti walipolichunguza walikuta sehemu kubwa ya uwezo huo inarithiwa kupitia jeni moja.

Turudi kwetu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na wengi mliomo humu mmekua mkikanyaga tope lake. Siku ya maji kupwa, nendeni kwenye mchu, ile aina ya mkoko. Chimbueni taratibu kando ya ile mizizi ya kupumulia inayochomoza. Tope la juu ni la kijivu. Chini kidogo ni jeusi, lina harufu ya mayai viza. Sasa tazameni mzizi mwembamba uliotoka kwenye tope hilo jeusi. Umevikwa utando wa rangi ya kutu. Tope linaloushika ni jeusi, mzizi wenyewe ni mwekundu wa kutu.

Mambo mawili yanatendeka hapo, na yote mawili yanahusu shaba. Weusi na harufu vinatokana na bakteria wasiotumia hewa, ambao huchukua salfeti ya maji ya bahari na kuigeuza salfidi. Shaba ikikutana na salfidi hugeuka kitu cheusi kisichoyeyuka, kikatulia. Kwa hiyo ghala kubwa la shaba katika mikoko ni tope lenyewe, kabla hata ya mti. Ile kutu ni chuma. Mchu huvuta hewa kwa mizizi yake ya juu na kuipeleka chini, hewa nyingine huvuja, na chuma cha kwenye tope hushika kutu palepale juu ya ngozi ya mzizi. Tabaka hilo nalo hunasa shaba na madini mengine. Kisha, ndani ya mzizi, kuna mzunguko wa seli uliozibwa kwa ukanda usiopitisha maji, uitwao ukanda wa Casparian, unaolazimisha kila kinachotaka kupanda juu kipitie ndani ya seli hai na kukaguliwa.

Matokeo yake yamepimwa. Huko Australia wamechunguza sana Avicennia marina, ambayo ndiyo mchu wetu huu, wakakuta shaba nyingi imebaki mizizini na inayofika majani ni kidogo. Tena mchu una tezi za kutolea chumvi kwenye majani. Ukilamba jani lake unaionja. Kupitia tezi hizo hutoka pia shaba kidogo pamoja na zinki. Inatoka juu ya jani, mvua inaiosha, inarudi majini. Jani likianguka, kaa hulila, na kilichomo huingia kwa kaa. Na shaba ikizidi mno kwenye tope, miche ya mchu yenyewe hudumaa. Mchu ni mvumilivu kweli, lakini una kiasi chake.

Tupige hesabu, maana nimeahidi kujibu swali. Chukueni hekta moja, udongo wa juu wa sentimita 20. Uzito wake ni kama tani 2,600. Tuseme kila kilo ina miligramu 100 za shaba ya ziada. Jumla ni kilo 260 za shaba. Panda mmea wa kawaida wenye miligramu 20 kwa kilo, uvune tani 10 za mmea mkavu kila mwaka na kuziondoa zote. Utakuwa umetoa gramu 200. Kumaliza kilo 260 kwa mwendo huo ni miaka 1,300. Hata ukipata mmea wenye miligramu 300, na ukaulazimisha kutoa mavuno hayohayo, itakuchukua zaidi ya miaka 80. Na wale wa Katanga ni vichaka vidogo visivyokaribia tani 10. Na mchu wenyewe hatuuvuni majani, wala tusiuvune.

Kwa hiyo vijana, pandeni mikoko. Pandeni kwa ajili ya samaki, kwa ajili ya pwani isiliwe na mawimbi, kwa ajili ya tope litulie. Msipande kwa ahadi kwamba itamaliza shaba, na mtu akija na karatasi ya mradi yenye ahadi hiyo, muulizeni mavuno yatapelekwa wapi. Kazi ya mikoko kwa shaba ni kuituliza mahali ilipo, na kazi hiyo ni kubwa. Ila ina sharti: tope lisisumbuliwe. Tope jeusi likichimbuliwa na kutupwa juani, hewa huingia, salfidi huharibika, na shaba iliyokuwa imelala inaweza kuyeyuka tena na kurudi majini. Ndiyo maana kila inapotajwa kuchimba mkondo au kufukia ufuko wa mikoko, mimi huuliza kilicholala mle ndani kimepimwa na nani. Kukata miti nako kuna hatari hiyohiyo kwa mwendo wa polepole, maana mizizi ikioza tope hulegea na maji hulichukua.

Na nyie mafundi, ndugu zangu wa Matondoni na wa hapa mjini. Wazee wetu walipaka sifa, yaani mafuta ya papa, kwenye mbao, na chini ya chombo walipaka mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Boti za faiba na za mashine zimekuja na rangi zao. Zamani rangi nyingi za kuzuia viumbe kuganda zilikuwa na sumu ya bati. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2008, uliipiga marufuku, na shaba ikazidi kushika nafasi hiyo. Rangi hii hufanya kazi kwa kuvujisha shaba kidogo kidogo, hilo hatuwezi kulizuia boti ikiwa majini. Lakini siku ya kukwangua tunaweza. Vipande vya rangi vinavyoanguka mchangani bamvua, yale maji makuu ya bahari, likisubiriwa vina shaba nyingi kwa mara moja kuliko inayovuja kwa siku nyingi, na mayai na watoto wa chaza huumizwa na maikrogramu chache tu za shaba katika lita ya maji.

Ninaloomba linawezekana. Tandikeni turubali chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kabla ya kukwangua. Kwangueni chombo kikiwa juu ya mstari wa maji ya bamvua, mbali na mikoko. Vumbi na vipande vikusanywe kwenye ndoo yenye kifuniko. Visichomwe, kwa sababu moto hauiondoi shaba, huiacha kwenye majivu. Atakayesugua kwa mashine na avae barakoa ya kuzuia vumbi puani na mdomoni. Na wanafunzi walioniambia wanataka kupima majani ya mchu karibu na maegesho: chukueni mizizi kando na majani kando, kila kimoja mfuko wake, na muoshe kwa maji safi mara kadhaa kabla ya kukausha.

Kinachobaki ni mahali. Ufuko mmoja ulio juu ya maji, wenye sakafu ngumu, ambapo vyombo vyote vitakwanguliwa, na mtu wa kuzichukua zile ndoo. Hilo linajulikana zaidi na mafundi kuliko mimi, basi bwana mwenyekiti, nakaa chini niwasikilize waseme ni wapi.